Adabu ya Kutafuta Kasoro

Chombo kinachofanya kazi vema hakitajwi. Mwandishi hasemi habari za kalamu yake mpaka wino umekauka, wala nahodha hasemi habari za usukani mpaka umekataa kugeuka. Vyombo vya elimu vya zama zetu vina tabia hiyo hiyo, lakini vinavizidi vya zamani kwa jambo moja. Kalamu huharibika mkononi mwa mwenyewe, naye akajua ni lini na kwa sababu gani. Bali programu za kompyuta huweza kubadilishwa usiku, mwenyewe amelala, na mtu aliye mbali asiyemjua, tena kwa nia njema kabisa. Asubuhi mwenye chombo hukikuta mahali pake, jina lake lile lile na alama yake ile ile, ila kazi yake hakifanyi tena.

Nataka kueleza katika insha hii namna kasoro ya chombo cha jinsi hiyo inavyotafutwa. Nimeona kwamba wengi wetu, walimu na wanafunzi, tuna subira kubwa ya kutafuta makosa katika vitabu vya watu, lakini tukikabiliwa na kosa la mashine subira hiyo hututoka, tukabonyeza hiki na kile kwa pupa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani kwa miguu. Hapana sababu ya kuwa hivyo. Njia ya kuitafuta kasoro ya programu ni ile ile ambayo elimu imeizoea kwa karne nyingi, na mtu aliyeifahamu katika jambo moja hana budi kuiweza katika jingine.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya majina. Kivinjari ni programu ambayo kwayo tunafungua na kusoma kurasa za intaneti. Kiendelezi, ambacho wengine hukiita programu jalizi, ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea kazi ambacho hakikuwa nayo: kuzuia matangazo, kutunza nywila, kukusanya marejeo ya vitabu, au kumwezesha msomaji kuandika maelezo pembeni mwa ukurasa. Kiendelezi hakina nyumba yake mwenyewe. Ni mpangaji katika nyumba ya kivinjari. Huja na hati ndogo inayotaja jina lake, toleo lake na ruhusa anazoziomba mpangaji huyo, na kivinjari huisoma hati hiyo kabla ya kumfungulia mlango. Mwenye nyumba akibadili kitasa, mpangaji mwenye ufunguo wa zamani hubaki nje, ijapokuwa hakutenda kosa lolote. Tena mpangaji mwenyewe akibadili desturi zake, huenda akagombana na wapangaji wenziwe ambao jana alipatana nao.

Mambo hayo niliyatazama kwa karibu nyumbani kwa mwalimu wangu. Mzee huyu alinifundisha ushairi wa Kiswahili miaka mingi iliyopita, na sasa amestaafu, anakaa Magomeni, Dar es Salaam. Kazi aliyojipa katika uzee wake ni kuusahihisha na kuufafanua utenzi mmoja wa zamani ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Maktaba ya SOAS, London, ina hazina kubwa ya miswada ya Kiswahili, na sehemu ya hazina hiyo imepigwa picha na kuwekwa katika intaneti, hata mtu aliyeketi Magomeni na kikombe chake cha kahawa anaweza kusoma ukurasa ambao zamani ungemgharimu safari ya Ulaya.

Kusoma miswada hiyo si kazi nyepesi. Hati za Kiarabu zilipoazimwa kuandikia Kiswahili hazikuwa na herufi za sauti zote za lugha yetu. Katika miswada mingi herufi ya be husimama mahali pa b, pa p na pa mb, na alama tatu za irabu hulazimika kubeba irabu zetu tano, hata i na e zikaandikwa kwa namna moja, na u na o kwa namna moja. Neno lenye be mbili huweza kusomwa baba, au papa, au bamba, au pamba. Na ni maana ya ubeti, na vina vyake, na ujuzi wa msomaji, ndivyo vinavyoamua. Kwa hiyo kila ubeti huzaa maelezo. Kwa muda wa miaka 6 mwalimu wangu aliyaandika maelezo hayo katika kiendelezi kimoja ambacho hutandaza ukanda mwembamba pembeni mwa ukurasa: upande huu picha ya mswada, upande huu rai ya msomaji. Hesabu yake ilikuwa imepita maelezo 1,300.

Simu yake ilinifikia siku ya Jumamosi baada ya adhuhuri. Nikamwamkia, naye akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, ukanda wangu umenyamaza. Ukurasa wa mswada unafunguka kama kawaida, lakini pembeni hapana kitu. Jana usiku nilifanya kazi mpaka saa tano, na yote yalikuwapo." Nikamuuliza kama amegusa chochote. Akajibu, "Sikugusa. Lakini hapa yupo kijana wa jirani, fundi wa kompyuta, anasema ni jambo la dakika mbili: kukiondoa kiendelezi na kukiweka upya."

Kisha sauti yake ikapungua. "Nakuambia wewe kwa sababu unajua habari za macho yangu. Jicho la kulia limekwisha kufanya mtoto, na la kushoto linafuata. Daktari ameniahidi kunipasua, na huenda nikaona vizuri, na huenda nisione. Miaka 6 ile niliisoma kwa macho niliyokuwa nayo. Sina mengine ya kuisoma mara ya pili."

Nilimwomba asiruhusu kitu chochote kiondolewe mpaka nifike. Dawa ya yule kijana si dawa mbaya. Katika mambo mengi ya kompyuta huponya, na ndiyo maana mafundi huipenda. Lakini ina hatari moja ambayo haionekani kwa nje. Kiendelezi kinapoondolewa, aghalabu kivinjari hufagia pia vitu vyote ambavyo kiendelezi hicho kilijiwekea ndani ya kompyuta. Kukizima ni kumfungia mpangaji chumba chake na vyombo vyake vikiwa ndani. Kukiondoa ni kumtoa mpangaji na kutupa vyombo vyake, na kumweka upya hakurudishi vyombo.

Jambo hili lilitangazwa ulimwenguni mwezi Mei mwaka 2019. Viendelezi vya Firefox hutiwa saini ya kidijitali, na kivinjari hukagua saini hiyo kwa mnyororo wa vyeti. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei cheti kimoja cha katikati ya mnyororo huo kilifikia mwisho wa muda wake bila ya kuhuishwa, na Firefox kikaanza kuviona viendelezi kuwa havina saini ya kuaminika, kikavizima karibu vyote. Ndani ya viendelezi vyenyewe hapakuwa na kasoro. Mthibitishaji tu ndiye aliyepitwa na tarehe. Hata Tor Browser, ambacho kimejengwa juu ya Firefox na hutumiwa na watu ambao usalama wao hutegemea kutojulikana, kilizimikiwa na kiendelezi cha NoScript kinachowakinga. Mozilla, ambao ndio wenye Firefox, waliliomba radhi umma na kutoa marekebisho siku chache zizo hizo. Lakini kabla marekebisho hayajawafikia watu wote walitoa onyo: msiondoe viendelezi na kuviweka upya, kwa kuwa kukiondoa kiendelezi hufuta habari zake, ilhali kukizima na kukiwasha hakufuti kitu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Na siku zile mwenye pupa alipoteza mali ambayo mwenye subira aliikuta salama baada ya siku mbili.

Basi nilipofika Magomeni jambo la kwanza halikuwa kutafuta kasoro, bali kulinda mali. Tulikifunga kivinjari kabisa, ili kisiwe kinaandika kitu katika mafaili yake, kisha tukaitafuta folda ambamo kivinjari hutunza mambo ya mwenyewe: alama za kurasa, mipangilio, na akiba za viendelezi. Folda hiyo huitwa wasifu. Tukaichukulia nakala nzima katika diski ya nje, na diski nikampa mwalimu aishike mkononi. Nilimwona akivuta pumzi. Kutoka hapo kila tulilolifanya lingeweza kutenguliwa, na mtu ambaye kosa lake linatengulika huweza kufikiri kwa utulivu.

Jambo la pili lilikuwa kuuliza, "Ni nini kilichobadilika?" Ukurasa wa viendelezi hutaja toleo la kila kimoja, na kivinjari hutaja toleo lake. Tukaona kwamba kivinjari chenyewe kilikuwa kimepata toleo jipya katika juma lile, na kiendelezi cha maelezo nacho kilikuwa kimepata toleo jipya usiku wa Ijumaa. Yule kijana akasema, "Basi ni hicho kiendelezi, kimeharibiwa na toleo jipya." Huenda ikawa hivyo, lakini hatukuwa na haki ya kusema hivyo bado. Mambo mawili yakitukia kwa pamoja, la kwanza kuonekana silo lazima liwe sababu. Tuliandika katika karatasi wote waliokuwapo mahali pa tukio: kivinjari kipya, kiendelezi kipya, tovuti ya maktaba, mipangilio ya mwalimu, na viendelezi vingine 8 ambavyo wajukuu walikuwa wamempachikia kwa nyakati mbalimbali. Kisha tukaanza kumwachia huru mmoja mmoja.

Je, kiendelezi kimezimwa? Hakikuzimwa. Je, kinasubiri ruhusa mpya? Swali hili ni la lazima, kwa sababu toleo jipya likiomba ruhusa pana kuliko lile la zamani, kivinjari huweza kukisimamisha kiendelezi mpaka mwenyewe akubali, na ombi hilo hupita upesi machoni pa mtu asiyelitazamia. Hapakuwa na ombi. Je, tukikifunga kivinjari na kukifungua? Kimya. Je, katika tovuti nyingine? Tulifungua kurasa za gazeti, na za maktaba nyingine. Kimya kila mahali. Basi tovuti ya maktaba ikaachiwa huru.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa na thamani kuliko zote. Tuliunda wasifu mpya mtupu katika kivinjari kile kile, tukaweka humo kiendelezi cha maelezo peke yake, katika toleo lake lile lile jipya. Tukafungua ukurasa wa mswada. Ukanda ukatokea pembeni, mweupe, hauna maelezo hata moja kwa kuwa wasifu ulikuwa mgeni, lakini mzima na wenye kutii. Yule kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe kiendelezi hakina ubaya." Kwa tendo moja tulikuwa tumewaachia huru wawili: kivinjari kipya na kiendelezi kipya walipatana wakikutana peke yao. Kasoro ilikuwa katika wasifu wa mwalimu, ama katika mipangilio yake, ama katika mmoja wa wale wapangaji 8.

Mtu huweza kuwazima wote 8 na kuwawasha mmoja mmoja, na njia hiyo hufika, lakini ni ndefu. Ipo njia ya kugawa nusu kwa nusu. Tulirudi katika wasifu wa mwalimu tukazima 4, ukanda haukutokea. Basi mwenye kosa, kama yumo, yumo katika 4 walio macho. Tukazima 2 katika hao, ukanda ukatokea. Basi ni mmoja wa hao 2 tuliowazima mwisho. Tukamwasha mmoja wao, ukanda ukabaki. Tukamwasha wa pili, ukanda ukatoweka. Majaribio 3 yalitosha kumtenga mmoja katika 8, na la 4 likamthibitisha. Viendelezi vingekuwa 16, majaribio 4 yangemtenga; na vingekuwa 32, yangetosha 5. Hesabu hii ni jirani ya kila mtu mwenye subira.

Mwenye kosa alikuwa mlinzi: kiendelezi cha kuzuia matangazo. Hatukukubali neno lake mara moja. Tulimzima yeye pekee, wengine wote wakiwa macho, ukanda ukatokea. Tukamwasha, ukatoweka. Tukarudia mara ya pili na ya tatu. Ushahidi wa kasoro hautimii mpaka uweze kuileta na kuiondoa upendavyo. Mtu aliyeiondoa tu, asijue kuirudisha, huenda alisaidiwa na bahati.

Ilibaki kujua kwa nini. Vivinjari vina dirisha la mafundi ambalo huonyesha mifupa ya ukurasa chini ya ngozi yake. Tulipolifungua tuliona kwamba ukanda ulikuwapo siku zote mahali pake, na maelezo ya mwalimu yalikuwamo, ila umefunikwa usionekane. Aliyekitengeneza kiendelezi cha maelezo alikuwa ameupa ukanda wake, katika toleo jipya, jina la ndani linalofanana na majina ambayo wenye biashara huvipa visanduku vya matangazo. Mlinzi ana orodha ya majina hayo. Aliliona jina, akalifananisha, akafunika. Hakuna aliyetenda uovu. Mmoja alibadili jina kwa sababu zake, mwingine alitimiza wajibu wake, na mzee wa watu akadhani kwamba miaka 6 ya macho yake imekwenda na maji.

Dawa ilikuwa fupi kuliko uchunguzi. Mlinzi aliagizwa asiuguse ukanda ule, na wapangaji wote wakabaki nyumbani. Maelezo yote yakasimama pembeni mwa mswada kama yalivyokuwa. Mwalimu hakusema neno kwa muda. Alipitisha kidole juu ya kioo, ubeti hadi ubeti, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya mvua kubwa. Kisha akatugeukia.

"Mnajua," alisema, "kazi hii mliyoifanya ninyi, sisi huifanya kwa miswada. Ninapokuwa na nakala nne za utenzi mmoja, na katika ubeti mmoja zinapingana, siianzi kazi kwa kusema, 'Mwandishi huyu mjinga.' Huuliza nakala ipi ilinakiliwa kutoka ipi, na kosa liliingilia wapi. Nakala mbili zikishirikiana kosa ambalo haliwezi kuzuka mara mbili kwa bahati, najua zimetoka kwa mama mmoja. Nami huiacha karatasi ya zamani kama ilivyo; sifuti kitu kwa sababu sikukielewa."

Yule kijana fundi alisikiliza kwa makini. Nilifurahi kuona kwamba hakuona haya wala hasira, maana hapakuwa na sababu ya kumtahayarisha. Aliniomba nimwandikie hatua zile kwa mpango, naye akazinakili katika simu yake. Kabla ya magharibi tulifanya mambo mawili mengine. Tuliyatoa maelezo yote katika faili la maandishi matupu, ambalo programu yoyote ya kuandikia huweza kulifungua leo na baada ya miaka 30. Kisha tukamwandikia aliyekitengeneza kiendelezi barua fupi: toleo la kivinjari, toleo la kiendelezi chake, jina na toleo la mlinzi, hatua za kuileta kasoro moja baada ya moja, tulilolitazamia na tulilolikuta. Hatukuweka shutuma hata moja ndani yake. Huyo ni mtu mmoja anayeifanya kazi ile bila ya ujira. Baada ya siku 9 toleo jingine lilitoka, na ukanda ulikuwa umepewa jina jingine.

Nimesikia wenzangu wakisema kwamba afadhali programu zisingebadilishwa kamwe, tukaachwa na tulizozizoea. Naelewa uchungu wao, lakini siwezi kukubaliana nao. Kivinjari ni mlango wa nyumba unaofunguliwa barabarani mchana kutwa, na kila mara wezi hugundua ufa mpya katika mlango huo. Toleo jipya, pamoja na udhia wake, aghalabu huja na marekebisho ya nyufa hizo. Anayekataa kila badiliko hulinda desturi yake na kuacha mali yake wazi.

Habari ya Firefox ya mwaka 2017 hufundisha pande zote mbili. Tarehe 14 Novemba mwaka ule lilitoka toleo la 57, na kuanzia siku hiyo viendelezi vilivyojengwa kwa utaratibu wa zamani havikukubaliwa tena. Utaratibu wa zamani uliviruhusu viendelezi kufika karibu kila chumba cha kivinjari. Uhuru huo ulizaa vitu vingi vya ajabu na manufaa, lakini kila ukuta uliosogezwa ndani ya kivinjari ulivunja kiendelezi fulani, na kiendelezi kiovu kilikuwa na nafasi ya kufanya uharibifu mkubwa. Utaratibu mpya ulitoa milango michache inayojulikana na kufunga iliyobaki. Zotero, programu ya kutunza marejeo ambayo wanafunzi wengi wa vyuo vikuu huitumia, ilizaliwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, ikiwa kiendelezi cha Firefox. Wenye Zotero waliona badiliko hilo likija. Katika toleo la 5.0, mwezi Julai 2017, waliihamishia programu yao katika nyumba yake yenyewe, wakaacha katika kivinjari kiunganishi kidogo tu. Wasomi waliokuwa na maelfu ya marejeo hawakuyapoteza. Lakini viendelezi vingine ambavyo havikuwa na mtu wa kuviandika upya vilikoma, na waliovitegemea wakabaki na kumbukumbu.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa uhodari wa kompyuta. Ilikuwa taarifa na maandalizi. Adobe walitangaza mwezi Julai 2017 kwamba Flash Player itafikia mwisho wake mwishoni mwa mwaka 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo iliacha kuonyesha yaliyotengenezwa kwayo. Watu walipewa muda wa zaidi ya miaka 3. Hali kadhalika Chrome haikuanza kuvizima viendelezi vya utaratibu wake wa zamani kwa watumiaji wa kawaida mpaka mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya matangazo. Tatizo ni kwamba matangazo hayo huwafikia mafundi, ilhali hasara huwafikia wazee wa Magomeni. Kati ya hao wawili panahitajika watu wa kupeleka habari, na sioni wanaofaa kuliko wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu, ambao wana lugha zote mbili: ile ya mafundi na ile ya wazee wao.

Mwanafunzi mwenye maelezo ya tasnifu yake ndani ya kiendelezi na ajiulize leo, chombo kikiwa kizima, namna ya kuyatoa. Na kama hakuna njia ya kuyatoa, basi ajue kwamba ameazimwa daftari ambalo huenda likadaiwa usiku. Akiba haiozi, lakini akiba iliyowekwa katika chumba kisicho na mlango wa nje ni akiba ya mwenye chumba. Na kasoro itakapokuja, maana itakuja, azingatie utaratibu: alinde kwanza kisichoweza kurudishwa, aulize kilichobadilika, abadili jambo moja kwa wakati mmoja, asimhukumu mtuhumiwa mpaka ameweza kuileta na kuiondoa kasoro mara kadhaa, kisha amwandikie mtengenezaji ukweli bila ya matusi.

Hayo si maarifa ya kompyuta peke yake. Mtabibu huyafuata anapotafuta chanzo cha homa, hakimu anapopima ushahidi, na mhariri anapokutana na ubeti uliopinda. Elimu ambayo huishia katika somo lake haijawa elimu kamili. Mtu aliyefundishwa kusoma mswada kwa heshima, asifute asichokielewa, amekwisha kufundishwa pia namna ya kuitazama mashine iliyonyamaza, na hana sababu ya kuiogopa.